Ndege Weupe Kwenye Blanketi la Wifi

Fundi aliponiambia nichague mchoro wowote ninaoutaka isipokuwa ule niliokuwa nimeuwekea kidole, nikajua kuna jambo. Nimefundisha shule ya msingi zaidi ya miaka thelathini, na katika miaka hiyo nimesimamia mitihani mingi. Mtoto aliyeficha karatasi hakwambii usimkague. Anakwambia, "Mwalimu, anza na yule pale." Fundi yule alikuwa akifanya vilevile, tena kwa heshima, huku amenivutia kiti.

Nilikuwa nimempelekea uso wa blanketi la viraka. Kwenye kamusi wanaliita mfarishi, lakini ukiingia sokoni Sumbawanga ukasema una mfarishi watakuuliza unaliwa na nini. Kazi yenyewe ni hivi. Unaunga vipande vya vitenge mpaka upate kitu cha kutosha kitanda kizima, huo ndio uso. Chini yake unatandika sponji nyembamba, chini kabisa shuka nzito, halafu tabaka zote tatu zinashonwa pamoja kwa mishono inayopita juu kote ili sponji isikimbilie kona moja. Mishono hiyo ndiyo inayochora maua, mawimbi au chochote ulichochagua. Uso niliuunga mwenyewe kwa cherehani yangu ya kukanyaga, kazi ya miezi minne. Tabaka tatu haiziwezi. Fundi huyu wa mjini alikuwa na mashine inayoongozwa na kompyuta, ambayo siku zote huitumia kudarizi nembo za masweta ya shule na mavazi ya mapadre. Michoro yote anayoijua alikuwa ameishona kwenye kitambaa kimoja kirefu, ili mteja achague kwa kuona na kushika.

Blanketi lilikuwa la wifi yangu, dada wa mume wangu. Mwaka uliotangulia nilipasuliwa tumbo Mbeya, nikarudi nyumbani siwezi hata kujigeuza kitandani. Wifi anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, hapa Milanzi. Alikuja kila asubuhi kwa miezi miwili. Aliniogesha, alinilisha uji wa ulezi kwa kijiko, alinifulia vitu ambavyo sitavitaja. Asante ya mdomo ilinishinda, maana kila nilipoianza alileta utani. Basi nikaamua kumshonea kitu kabla upepo wa mwezi wa saba haujachachamaa, kwa kuwa yeye baridi humwonea kuliko sisi wote, hulala na sweta mbili na soksi za mwanawe.

Nilitaka kiwe kitu ambacho hakinunuliki, nikafikiria sare. Huku kwetu hakuna shughuli isiyo na sare. Binti akiagwa kwenda kuolewa, akina mama wanachagua kitenge kimoja na kila mmoja anashona gauni. Jubilei ya padre, kipaimara, msiba, mambo ni hayohayo. Kwa hiyo kila mwanamke wa jumuiya yetu, yaani kaya za jirani tunaosali pamoja, ana mfuko wa mabaki ya sare chini ya kitanda. Niliwaomba waniletee mabaki hayo bila kumwambia wifi. Nilitaka akijifunika awe amejifunika shughuli zetu zote.

Walileta kwa moyo. Nikawa nakaa sebuleni napanga, na kila kipande nakijua. Kile cha rangi ya machungwa ni cha kumuaga mpwa wangu, kilichuja rangi tukarudi nyumbani shingo zote za machungwa. Kile cha kijani ni jubilei ya padre. Kile cha kahawia chenye funguo ni siku tulipozindua kengele ya kanisa, mvua ikanyesha mpaka spika zikazimika. Nilikuwa nafurahi peke yangu kama mwehu.

Halafu nikakuta ndege.

Kitenge cha bluu iliyoiva, ndege weupe wenye mikia kama mkasi. Sikukijua. Nikakiweka pembeni, nikafungua mfuko wa pili, nikamkuta ndege yuleyule. Mfuko wa tano, yupo. Wa nane, yupo. Wanawake wanne tofauti hawanunui kitenge kimoja kwa bahati. Wanawake wanne wenye kitenge kimoja ni sare, na sare ina shughuli yake, na shughuli hiyo mimi sikualikwa.

Nikavipeleka vipande dirishani nikavikagua kama ninavyokagua mwandiko. Kwanza, vilikuwa bado na wanga wa dukani, havijawahi kuona maji. Harufu yake mpya ilinigusa mahali fulani, kama kitu nilichokisahau, ila sikukipata. Pili, na hili ndilo lililonikosesha raha, halikuwa baki hata moja. Mabaki ya ushonaji yana sura yake, yamelika ubavuni kwa kufuata kwapa, yana pembe za ajabu, ni vile vilivyobaki baada ya nguo kutoka. Hivi vilikuwa ndiyo nguo yenyewe. Kimoja kilikuwa mkono mzima wa gauni, umekatwa vizuri, haujawahi kushonwa. Nani anakata mkono mzima wa gauni halafu anautoa kama takataka? Na kwa nyuma ya mkono ule fundi alikuwa ameacha alama kwa kipande cha sabuni, duara dogo lenye nukta katikati.

Mtu mwingine angeuliza. Mimi siulizi kabla sijajua jibu, ni ugonjwa wa kazi. Nilikata wale ndege wakatoka viraka kumi na sita, nikawaunga katikati kabisa ya uso, makusudi, ili yeyote atakayekuja kuutazama ashituke na mimi nimwone. Mtego ulifanya kazi kupita kiasi. Jirani wa kwanza aliusifia kuanzia pembeni, macho yalipofika katikati akakumbuka ameacha maharage motoni. Ilikuwa saa tatu asubuhi na jiko lake la mkaa nililiona nje likiwa baridi. Wa pili alianza kunieleza habari za mgongo wake. Wa tatu aliniuliza, "Mwalimu, na hiki cha bluu umekipata kwa nani?" ilhali mfuko wa nane ulikuwa wake mwenyewe.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nausema msemo huu darasani miaka yote nikidhani ni wa vitabuni, na sasa nilikuwa nao mapajani, umeshonwa.

Nilianza na mume wangu, kama mke yeyote angefanya. Yeye huenda Kirando kuchukua dagaa na kurudi, na nikakumbuka mwaka ule alikwenda mara nyingi kuliko kawaida. Kwenye harusi za huku wanaume nao hushonewa shati la sare ileile. Siku alipokwenda shambani nilitoa mashati yake yote kabatini, nikayatandaza kitandani natafuta ndege. Nilipata shati aliloazima kwa mdogo wake tangu zamani na vifungo viwili vilivyokuwa vimepotea. Aliporudi nikamwonyesha kiraka. Akakigeuza huku na huku, akauliza, "Huyu ni kwarara au mbayuwayu?" Mwenye hatia haulizi hivyo, au labda mwenye hatia mjanja ndivyo anavyouliza. Nikamwekea kiporo.

Watu wa mbali wakisikia Sumbawanga wanafikiria uchawi, wanatuuliza mpaka aibu. Basi niseme, sikushuku uchawi. Nilishuku watu, na watu wanatosha. Walikuwa wamefanya sherehe kubwa ya kuhitaji sare, wamekula, wamecheza, na wakakubaliana wote mimi nisijue. Mimi niliyekuwa mwenyekiti wao miaka sita! Nilikuwa nimekosa nini? Nilisononeka, sitaficha. Kuna asubuhi nilishindwa kwenda kusali nao kwa kuogopa nitawaangalia vibaya.

Katika yote hayo kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye sikumtilia shaka. Wifi hakuwa ameleta mfuko wowote kwa kuwa hakuambiwa, na mtu aliyekuosha ukiwa hujiwezi humtazami kwa jicho la pembeni. Nilijiambia, wote wakinigeuka, blanketi hili lina mwenyewe.

Ndivyo nilivyofika kwa fundi. Nilitandaza uso mezani kwake, akauona, na mkono wake uliokuwa unalainisha mikunjo ukasimama juu ya ndege. Akaendelea haraka.

"Shikamoo tena, mwalimu," akasema, ingawa tulishasalimiana.

Nilipitia kitambaa chake cha mifano. Kulikuwa na mawimbi, magamba ya samaki, maua ya waridi, vijisanduku. Kulikuwa na konokono, yaani mizunguko midogo iliyobanana mpaka kitambaa kinakakamaa kama mkeka. Na kulikuwa na mchoro wa mashuke marefu yanayopanda na kujikunja, yenye nafasi kubwa katikati. Kwenye kompyuta yake nadhani yalikuwa manyoya, lakini yeye aliyaita ulezi, na kweli yalifanana na ulezi uliokomaa. Nikaweka kidole pale. Wifi analima ulezi. Isitoshe, mchoro wenye nafasi unaacha blanketi laini, linashika mwili, na kila sare ingeonekana.

"Huo usichukue, mwalimu," fundi akasema. "Wowote mwingine, lakini huo hapana."

"Una kasoro gani?"

"Unaacha wazi sana. Mishono yako ya kuungia, samahani, kuna mahali imepinda. Mchoro wa wazi utaionyesha. Konokono wanaficha."

Mishono yangu haijapinda. Nilichukua rula yake iliyokuwa mezani nikamwekea juu ya mshono mrefu kuliko yote, nikamwacha aangalie.

"Basi tufanye hivi," akasema akijikuna shingo. "Ulezi tuweke pembeni kote. Hapa katikati tu niweke konokono, kwa uzi wa bluu."

"Kwenye ndege tu?"

"Wanachanganya macho."

"Uzi wa bluu juu ya bluu, na konokono waliobanana. Hao ndege hawataonekana tena."

"Ndiyo uzuri wake."

Nikanyamaza. Darasani nilijifunza kwamba ukinyamaza vya kutosha, mwenye jambo atafanya kitu. Fundi akachukua kipande cha sabuni, akapindua uso wangu, akaweka alama mahali mashine itakapoanzia. Akachora duara dogo, na katikati ya duara akaweka nukta.

Nikapindua kiraka cha ndege kilichokuwa karibu, nikamwonyesha duara lingine lenye nukta, limefifia lakini lipo.

"Gauni ngapi?" nikamuuliza.

"Mwalimu..."

"Sikuulizi kama ulikata. Nakuuliza ngapi."

"Nilikata kumi na mbili," akasema kwa sauti ya mtoto wa darasa la tatu. "Nilishona moja tu. Halafu nikaambiwa nisimame."

"Za shughuli gani?"

Akatazama mashine, akatazama mlango, mwisho akatazama viatu vyangu. "Mwalimu, blanketi likishapita kwenye mashine hii halifumuki. Ukilifumua litabaki na matundu maisha yake yote. Kwa hiyo kabla hujachagua mchoro, nakuomba nenda kamuulize aliyeleta kitenge." Nikamuuliza ni nani. "Ni wifi yako."

Sijui nilifikaje Milanzi na uso wa blanketi kwapani. Najua nilipita watu walionisalimia na sikuitika, jambo ambalo huku kwetu linatosha kuitishiwa kikao. Wifi! Wengine wote ningewameza na maji. Lakini mtu aliyenilisha uji kwa kijiko, kumbe alikuwa na shughuli yake ya gauni kumi na mbili na akanitazama machoni kila asubuhi bila kupepesa! Nikaanza kumpima upya, kila utani wake, kila mara alipokatiza asante yangu. Labda hakutaka asante kwa sababu alijua hastahili.

Nilifika nyumbani nikachukua wembe, nikakaa nifumue ndege wote kumi na sita. Nitamwondoa yeye na sare yake, nikawaza, na blanketi nitalala nalo mwenyewe. Nikafumua kiraka cha kwanza. Kilipotoka, katikati ya kazi yangu ya miezi minne pakabaki tundu la ukubwa wa sahani, na kupitia tundu lile niliona magoti yangu. Nikaweka wembe chini. Nikachukua kiraka, nikaenda kwake.

Nilimkuta uani anapepeta ulezi kwenye ungo, kanga kiunoni, vumbi la makapi limemjaa nyusi. Sikumsalimia. Nilimtupia kiraka ndani ya ungo, juu ya ulezi wake.

Alikitazama. Akauweka ungo chini taratibu, akakaa kwenye gunia.

"Nani kakupa?" akauliza.

"Wanne. Na fundi amenieleza mengine. Nataka kusikia kwako. Mlifanya shughuli gani, wifi, ambayo mimi sikustahili kuiona?"

Hapo alinitazama kwa namna ambayo sikuitegemea. Haikuwa hatia. Ilikuwa kama anayetaka kucheka kanisani.

"Wewe ndiye ulikuwa shughuli," akasema.

Sikumwelewa, akalazimika kunieleza kama mtoto. Siku ya tatu ya Mbeya mume wangu alimpigia simu mchana. Alisema daktari amewaambia wajiandae. Wifi alilia mpaka sauti ikakauka. "Halafu nikakukumbuka wewe," akasema. "Nikakumbuka ulivyotusimamisha mstari mmoja."

Na mimi nikakumbuka, nikatamani nisikumbuke. Nilipokuwa mwenyekiti tulizika mama mmoja wa jumuiya yetu, na akina mama wakatokea na vitenge vya aina saba. Jumuiya nyingine walitutazama wakabana midomo. Tulipotoka makaburini niliwasimamisha wote njiani, nikiwa nimewaka. Niliwaambia wafanyabiashara wetu wanafuata vitenge Tunduma, na mchoro mmoja haufikishi gauni kumi. Ukingoja mtu afe ndipo utafute, utakuta vimebaki vitatu. Nikasema, na maneno haya ni yangu, "Kuanzia leo sare ya msiba inachukuliwa mgonjwa akiwa bado anapumua. Tusidanganyane." Walinipigia makofi. Nilirudi nyumbani nikijiona kiongozi.

"Nilizunguka maduka yote siku ileile," wifi akasema. "Nikapata hicho, kinatosha watu kumi na wawili. Nikakipeleka kwa fundi nikamwambia akimbize. Nilisema moyoni, huyu akifa akatuona tumevaa mchanganyiko, atafufuka atuchape."

"Na mimi sikufa."

"Ukaharibu kila kitu. Kesho yake mume wako akapiga simu anasema umeomba chai. Nikakimbia kwa fundi nikamwambia simama, simama."

Vitambaa vilivyokatwa viligawiwa kwa wenyewe. Lakini nani angevaa? Hakuna aliyethubutu kushona, hakuna aliyethubutu kutupa, na kumgawia mtu mwingine sare ya msiba wa mtu aliye hai ni jambo ambalo huwezi hata kulianza kwa maneno. Vikakaa chini ya vitanda mwaka mzima. Nilipopita kuomba mabaki, baadhi yao waliona mlango umefunguka. Baadaye niligundua kwamba kila mmoja wa wale wanne alidhani ni yeye peke yake aliyepenyeza kipande, na kwamba kati ya vipande mia moja mwalimu hatakiona kimoja. Wamenijua miaka yote hiyo, na bado walidhani hivyo.

Nilikaa kwenye gunia la pili. Nilitaka kukasirika, hasira ikakataa kuja. Kilichokuja ni woga, woga wa mwaka mzima uliochelewa. Walikuwa wameshanikata kwa mkasi. Kulikuwa na siku nzima ambayo jumuiya yangu ilikuwa imeshanizika, inasubiri mimi tu nitimize. Nililia, na wifi hakuleta utani.

Baada ya muda nikakumbuka hesabu ya fundi. "Alisema alishona moja."

Wifi akainuka, akaingia ndani, akatoka na gauni la bluu limening'inia kwenye henga. Ndege weupe, mikono mirefu, kola ya heshima. "Langu lilikuwa limeshaisha," akasema. "Nililitazama wiki mbili. Nikasema, hiki kitenge nilikinunua kwa ajili yako, basi nitakuvalia tu, liwalo na liwe. Nikalivaa siku uliyorudi."

"Sikuliona."

"Ungeliona wapi? Ulikuwa huinui shingo."

Ndipo ile harufu ikarudi na mahali pake. Gari limesimama mlangoni, tumbo linawaka, mlango unafunguliwa, na mtu ananipokea kwa kunikumbatia mzimamzima. Uso wangu ulikuwa begani kwake, kwenye kitambaa kigumu chenye harufu ya wanga wa dukani. Nakumbuka hata nilichofikiria. Nilifikiria, nani huyu amevaa nguo mpya siku ya kazi, na ana jambo gani.

Kesho yake niliunga tena kiraka kile, nikaurudisha uso kwa fundi. Alinipokea kwa shikamoo mbili, akaanza kutafuta uzi wa bluu.

"Ulezi," nikamwambia. "Kote, mpaka katikati. Uzi mweupe."

"Na hawa ndege?"

"Pitia juu yao kama kwingine. Waonekane."

Akapumua kama mtu aliyetuliwa mzigo. Hata hivyo nilikaa pale kutwa nzima nikimwangalia anavyohamisha fremu kutoka kipande hadi kipande, kwa sababu umeme ungekatika shuke lingeweza kuanza upya mahali ambapo si pake, naye angeniambia ndivyo mchoro ulivyo. Ulikatika mara mbili. Mara zote mbili nilimwonyesha kwa kidole shuke lilipoishia.

Jioni nilipolipeleka, wifi alikuwa ameshajua lipo njiani, Milanzi haina siri isipokuwa zile za kunihusu mimi. Alilipokea kwa mikono miwili, akalitandaza kitandani kwake. Alifuata mashuke kwa kidole kutoka ukingoni, akataja shughuli moja baada ya nyingine, mpaka alipofika katikati. Kidole kikasimama juu ya ndege.

"Umewaacha," akasema.

"Nimewaacha. Hakuna aliyeijua baridi ya msiba wangu kuliko wewe, acha sasa blanketi likupe joto." Kisha nikamwambia lile nililokuja nalo. "Nipe lile gauni, wifi. Nilikate tuzungushie ukingo, blanketi likamilike."

Akavuta blanketi kifuani. "Gauni langu huligusi. Kata mapazia yako."

"La kazi gani? Huwezi kulivaa popote."

"Bado lina kazi," akasema, na macho yake hayakucheka. "Siku yako ikifika sitaki kuanza kuzunguka maduka. Mwenyekiti alikataza."

Upepo ulikuwa umeanza, mlango ukawa unagonga. Nikamuuliza, "Na ukitangulia wewe?"

Wifi hakuwa amelifikiria hilo, niliona. Akalala chali na blanketi lake akatazama bati, halafu akainuka, akalitoa gauni kwenye henga. "Basi utalivaa wewe. Lijaribu kabisa tujue."

Nikalivaa juu ya nguo zangu, pale pale chumbani kwake. Lilinikaa kiunoni, urefu ulifika, lakini mabegani lilinibana nikashindwa kuinua mikono. Wifi akanigeuza, akapindua mshono wa begani akaukagua kwa karibu, upande huu na upande ule.

"Fundi ameacha nafasi," akasema. "Tukifungua hapa litatutosha wote."

Akachukua pini mbili, akachomeka moja kila bega, nami nikasimama wima asinichome.